Tulivyotenganisha stori na msimbo kwenye grupu yetu ya Kisumu, na makosa niliyofanya njiani

Kama uko kwenye grupu ya WhatsApp ya watu wanaojifunza kuandika programu, na msimbo, yaani mistari ya programu yenyewe, unapestiwa humo humo katikati ya salamu za asubuhi, mechi za wikendi na michango ya matanga, nakuomba usome hii kabla hamjaumia vile sisi tuliumia. Naandika nikiwa Nyalenda, Kisumu, na haya mambo yamenigharimu pesa, usingizi, na kijana mmoja mzuri ambaye karibu tumpoteze kwa sababu yangu mimi.

Tulianza 2021 tukiwa watu tisa. Tulijuana kwenye saiba moja ya Kondele ambapo ulikuwa unalipia kompyuta kwa saa, wengine hatukuwa na laptopu, kwa hivyo kitu ukiandika unajitumia kwenye simu ndio kisipotee. Hapo ndipo grupu ilizaliwa. Baadaye wakaja wanafunzi wa Maseno, wakaja wa Kakamega, akaja Mwalimu mmoja wa kompyuta kutoka upande wa Vihiga ambaye ni mtu mzima kuliko sisi, na ndani ya mwaka mmoja tukawa zaidi ya mia. Sheria hazikuwako. Mtu anasema amekwama, mwingine anapesti mistari arobaini, mwingine anacheka, wa nne anauliza kama kuna mtu anajua nyumba ya bei nafuu Manyatta, halafu mistari mingine thelathini.

Na nitasema ukweli, nilikuwa naipenda hiyo fujo. Nilijifunza mengi pale kuliko mahali pengine popote, kwa sababu msimbo ulikuja na mwenyewe, na ukiuliza kwa nini umefanya hivi unajibiwa dakika hiyo hiyo. Nataka hilo lieleweke mapema, maana baadaye nilifanya kosa la kusahau jinsi hiyo fujo ilivyotulea.

Shida za kwanza zilikuwa ndogo ndogo. Ile alama ya usemi iliyonyooka, simu nyingine zinaipinda zenyewe ukiandika, inakuwa “2547” badala ya "2547", jicho halioni tofauti lakini Python, lugha ya programu tunayoandikia, ikikutana nayo inagoma kabisa. Dada mmoja wa Maseno alikaa kutoka saa saba mchana mpaka giza likaingia akitafuta kosa kwenye mistari kumi na mbili, anasoma kwa simu anaandika upya kwa laptopu, anapesti, anafuta, mpaka akalia, na kosa lilikuwa ni hiyo alama moja tu iliyopinda. Tena WhatsApp ukiweka neno katikati ya vinyota viwili inalikoleza na vinyota vinafichwa, ukiweka vistari vya chini herufi zinalala na vistari vinapotea machoni, sasa mtu anayenakili kwa macho atajuaje kwamba kulikuwa na kitu pale? Na Python inasoma nafasi za mwanzo wa mstari kama sehemu ya maana, zikiharibika ndio basi. Hiyo ya kukolezwa tuliitatua kwa kuzungushia msimbo zile alama tatu za ``` mbele na nyuma, ukifanya hivyo vinyota na vistari vinabaki vilivyo. Lakini alama iliyopinda hata hiyo haiirudishi kunyooka. Lazima uzime mambo ya kupinda alama kwenye mipangilio ya kibodi yako.

Haya, kubwa ndio hii.

Mwaka uliofuata nikapata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Chama cha akina mama wauza samaki wa Dunga, wanachama 43, kila mtu mia mbili kwa wiki, walitaka mfumo wa kuwatumia ombi la malipo kwenye simu, mama anaweka PIN ya M-Pesa, na jina lake linajiandika kwamba amelipa. Tulikubaliana shilingi 15,000. Kwangu hiyo ilikuwa pesa kubwa sana na nilitaka kuifanya vizuri.

Sasa kwa wasiojua, ukitumia Daraja, yaani ule mlango wa Safaricom wa programu kuongea na M-Pesa, kuna majibu mawili tofauti. La kwanza linarudi hapo hapo likiwa na ResponseCode, na ikiwa ni 0 maana yake ni kwamba ombi lako limepokelewa, basi, hakuna pesa imetembea bado. La pili linakuja baadaye kwenye anwani uliyotoa, lina ResultCode, na hilo ndilo la kuamini. 0 mtu amelipa, 1032 ameghairi, 1 hana salio la kutosha, 1037 simu yake haikupatikana au hakujibu. Mtu yeyote anayeanza huchanganya hayo mawili. Kwenye grupu yetu kulikuwa na kipande cha msimbo cha STK, yaani cha kutuma lile ombi la malipo kwenye simu, ambacho wote tulikuwa tunakitumia, na kilikuwa kinaandika "amelipa" kwenye lile jibu la kwanza.

Dada wa Maseno aligundua. Akarekebisha. Na akatutumia usiku huo huo. Lakini usiku huo mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na baba yake huko Siaya, grupu ilikuwa imejaa pole, Mungu awatie nguvu, mishumaa, namba ya kuchangia, na katikati ya hizo jumbe karibu mia ikapita skrinshoti moja ya laptopu yake na maneno "tumieni hii, ile ya kwanza inahesabu hata aliyekataa". Mimi nilituma pole yangu na mia tatu ya mchango, nikalala. Skrinshoti sikuiona. Baada ya siku kumi nilipohitaji ule msimbo nikatafuta neno stk kwenye grupu, na kutafuta kwa WhatsApp hakusomi maandishi yaliyo ndani ya picha, kwa hivyo kilichokuja ni kile cha zamani, kilikuwa kimeandikwa vizuri kabisa, nikakichukua kwa moyo mweupe.

Wiki saba.

Jumamosi moja Mama mweka hazina akanipigia akaniambia niende Dunga, hakusema kwa nini. Nilimkuta nyuma ya pale wanapokaangia samaki, amekaa kwenye kreti ya soda, daftari kwenye mapaja, lile la jalada gumu ambalo mgongo wake umeshikwa na selotepu. Kumbe alikuwa hajawahi kuacha kuandika kwa mkono. Akaweka kidole kwenye jina moja, kidole kina magamba ya samaki bado, akaniambia polepole, "Nyathina (mtoto wangu), huyu simu yako inasema amelipa mara tatu. Mimi pesa yake sijaona hata moja." Akateremsha kidole kwenye jina lingine. Na lingine. Tulikaa pale tukihesabu mpaka mafuta yakapoa, na tukapata malipo 59 ambayo hayakuwako, 59 mara mia mbili ni 11,800. Na chama kilikuwa kimeshatoa pesa za zamu kwa wenyewe kwa kuamini mfumo wangu, pengo likazibwa na akiba yao ya dharura.

Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Aliniuliza tu nitafanyaje. Akina mama wengi walilipa walipoelezwa, tukarudisha 5,400. Wengine wakasema mfumo umeshasema wamelipa na hawadaiwi, na siwezi kuwalaumu, niliwaambia wauamini. Hiyo 6,400 iliyobaki nililipa mimi, kwa awamu tatu, kutoka kwa zile 15,000.

Na kwenye wasiwasi wa hiyo wiki nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilipesti faili nzima kwenye grupu ili nisaidiwe, na ndani yake kulikuwa na funguo za Daraja za chama, yaani maneno ya siri ambayo programu inaingilia nayo, consumer key na consumer secret, zimelala wazi. Nilifuta kwa wote baada ya dakika nne hivi. Lakini dakika nne kwenye grupu ya watu mia na kitu ni kama mwaka, aliyeona ameona, aliyekopi amekopi. Ilibidi tubadilishe funguo zote. Tafadhali, funguo zikae kwenye faili yake peke yake, hiyo .env, na uiandike kwenye .gitignore, ile orodha ya faili ambazo Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, isizichukue, siku ya kwanza kabla hujafanya kitu kingine. Na zikishatoka nje hata mara moja, iwe kwa grupu au kwa GitHub, ile tovuti ya kuwekea msimbo, usijidanganye kwamba umefuta, kwa sababu Git inaweka historia yote na ukifuta leo ile ya jana bado iko. Badilisha funguo. Hakuna dawa nyingine.

Baada ya hapo tukakaa kuongea. Tulikutana watu kama kumi na wawili, tukanunua samaki na ugali, na nikaja na hasira yangu nikasema kuanzia leo msimbo na stori vitengane kabisa. Mwalimu akaniunga mkono kwa historia ambayo sikuwa naijua. Alisema haya mabishano ni ya zamani kuliko sisi. Usenet, mtandao wa zamani wa vikundi vya majadiliano kwa kompyuta, ambayo ilianzishwa na wanafunzi wa chuo cha Duke kule Marekani mwaka 1979 hadi 1980, ilikuwa na vikundi vya kuwekea msimbo chanzo peke yake, kama net.sources, na mazungumzo yake yakapelekwa kwenye kikundi cha pembeni kilichoishia na .d, net.sources.d. Baadaye ikawa hivyo hivyo kwa alt.sources na alt.sources.d. Sababu ilikuwa bando, kwa maneno yetu. Watu walikuwa wanavuta vitu kwa laini ya simu ya kawaida, modemu ya biti 1,200 kwa sekunde inapitisha kama herufi 120 hivi, sasa faili ya herufi elfu sitini ni zaidi ya dakika nane na simu inalipiwa. Tena kuna mashine zilikuwa zinahifadhi kila kilichoingia kwenye kikundi cha msimbo, ukiandika "asante sana ndugu" pale, asante yako inahifadhiwa kama programu. Na mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu inaitwa patch, ndio mtu asitume faili nzima tena, anatuma mistari iliyobadilika tu.

Dada wa Maseno hakukubali. Alisema mbona Linux, programu ya kuendesha mashine, ambayo ilianza 1991 na leo inaendesha simu za watu wote tuliokaa hapa za Android, mpaka sasa watu wanatuma mabadiliko kwa barua pepe kwenye orodha ile ile ya majadiliano, mtu anajibu mstari kwa mstari chini ya msimbo wenyewe, na haijaanguka? Akasema kwa sauti ya chini lakini mbele ya wote, "Kaka, msimbo wangu haukupotea kwa sababu ulikuwa karibu na maongezi. Ulipotea kwa sababu haukuwa na kwao."

Sikumsikiliza. Nilikuwa admini, na nilikuwa nimeumia, na mtu aliyeumia hutaka ukuta. Nikafungua grupu ya pili, MSIMBO TU, nikaandika kwenye maelezo kwamba hapa hakuna salamu, hakuna swali, hakuna asante. Ukiuliza kitu nafuta.

Ilikufa ndani ya miezi miwili. Msimbo ulikuwa unaingia lakini hakuna aliyejua ni wa nini. Unakuta mistari sitini imekaa hapo peke yake, hakuna maelezo, swali limeulizwa kule grupu nyingine wiki iliyopita na jibu limeshapotea kule kule, ukitaka kuunganisha viwili unapanda juu unashuka chini mpaka unachoka. Wageni waliokuwa wanaingia hawakuona chochote cha nyuma. Watu wakaanza kuogopa. Kijana mmoja wa Ahero, alikuwa amemaliza kidato cha nne tu na anatumia simu pekee, aliuliza chini ya kipande fulani, "samahani, kwa nini hapa mnakata namba ya kwanza?" Nilifuta swali lake. Akauliza tena, akadhani ni mtandao. Nikafuta tena nikamwandikia mbele ya watu kwamba kama hawezi kusoma maelezo ya grupu hataweza kusoma msimbo.

Akatoka. Na swali lake lilikuwa zuri. Ule msimbo ulikuwa unakata 0 ya mbele na kuweka 254, na haukuwa na habari kuhusu namba zinazoanza na 01, ulikuwa unazikubali za 07 peke yake. Angejibiwa siku hiyo, lile kosa lingeonekana siku hiyo. Nilikaa na aibu hiyo karibu wiki mbili kabla sijampigia. Nilimwambia, ndugu yangu, nilikosea, na swali lako lilikuwa sahihi kuliko msimbo wetu. Alinyamaza kidogo halafu akasema alikuwa ameacha kabisa kujifunza. Kama wewe ni admini mahali, hilo neno naomba likae na wewe.

Tunavyofanya sasa ni vile yule dada alisema tangu mwanzo. Msimbo una kwao, ni repo moja, yaani ghala la faili za msimbo, kwenye GitHub, na haukai mahali pengine. Repo ya faragha ni bure hata mkiwa wengi, tangu Aprili 2020 hawahesabu tena watu. Stori zinaendelea kwenye grupu moja kama zamani, na tunaruhusu mistari michache tu ya msimbo, tumesema kumi, kwa ajili ya kuonyesha unauliza nini, pamoja na linki ya mahali ilipo. Skrinshoti ni ya kuonyesha kosa lilivyotokea, sio ya kutuma marekebisho. Na jambo ambalo kwangu ndio moyo wa yote, sababu ya badiliko inaandikwa kwenye ujumbe wa kukomiti, yaani yale maneno mafupi unayoandika unapohifadhi badiliko ndani ya Git. Usiandike "nimerekebisha". Andika kwa nini. Kiswahili, Dholuo, Kiluhya, Sheng, yoyote ile mradi mwenzako ataelewa mwaka ujao. Yaani msimbo ukihama kutoka kwenye maongezi, ubebe sababu yake mkononi. Nikaja kujua hata watu wa Linux ndivyo wanafanya, barua zina majadiliano lakini msimbo wenyewe unaishi ndani ya Git, ambayo Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa kazi hiyo hiyo, na mara nyingi ujumbe wa kukomiti unabeba linki ya kurudi kwenye ile barua.

Kuhusu linki kuna mtego mmoja umetukamata mara nyingi. Ukituma linki ya mstari wa 40 leo, kesho mtu akiongeza mistari mitano juu, linki yako inaonyesha kitu kingine na mabishano yote ya jana yanaonekana hayana akili. Kwenye GitHub ukiwa umefungua faili, bonyeza herufi y kwenye kibodi, anwani inabadilika inakuwa ya toleo lile lile la siku hiyo, hiyo ndiyo utume.

Wenye simu tu wasiachwe nje. Repo inafunguka kwenye brauza ya simu na unaweza kurekebisha faili hapo hapo, na wengine wanatumia Termux, programu ya Android ya kuandikia amri. Bando linaliwa ile mara ya kwanza unapovuta repo nzima, baada ya hapo yanakuja mabadiliko tu. Sisi huwa tunavutiana mahali penye waifai mtu akiwa anaanza.

Na kitu cha mwisho nilichochelewa kujua, wekeni leseni. Kipande cha dada kiliwahi kuuzwa kwa mteja na mtu wa grupu bila hata jina lake kutajwa, na yule mtu akasema "si ulikuwa umepesti kwa wote". Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, ni mali ya aliyeiandika, kupesti hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Lakini nani ataonyesha kwenye WhatsApp nani aliandika nini na lini? Kwenye repo jina na tarehe viko kwa kila mstari, na faili ya leseni inasema wazi unaruhusiwa kufanya nini. Tuliweka leseni inayoitwa MIT, inakuruhusu hata kuuza, ila hilo tangazo lenye jina la mwenye kazi lazima libaki.

Kijana wa Ahero alirudi. Haikuwa mara moja, ilichukua miezi, na aliyemrudisha ni Mwalimu. Mwezi uliopita alituma badiliko lake la kwanza, mistari sita tu, na ujumbe ulisema hivi: "Namba za 01 zilikuwa zinakataliwa. Nimekubali 07 na 01 zote mbili, pia zile zimeandikwa +254. Niliuliza hii zamani, sikujibiwa." Dada wa Maseno akaleta linki kwenye grupu akamuuliza kuhusu namba zenye nafasi katikati, wakabishana pale karibu saa nzima huku wengine wakiongea mechi, halafu kijana akaongeza mstari mmoja na dada akaupokea. Ile sentensi yake ya mwisho kuna mtu alimwambia aitoe. Nilimwomba aiache.

Mama wa Dunga bado anaandika kwenye daftari. Kila Jumamosi ananitumia picha ya ukurasa, na mimi nalinganisha na mfumo jina kwa jina kabla zamu haijatolewa.